Ukoo Wangu Ukiua Ndugu Zako

Mwaka 1993, mtu aliyetaka kujiunga na kikundi kidogo cha amani mjini Wajir hakudaiwa ada wala fomu. Aliulizwa jambo moja tu: siku ukoo wa mwenzake utakapoua jamaa zake, je, ataendelea kukaa na mwenzake huyo na kufanya naye kazi ya amani? Aliyeshindwa kuitikia aliombwa asijiunge.

Waliouliza na walioulizwa walikuwa watu wenye misiba. Walitoka katika koo za Ajuran, Degodia na Ogaden, koo ambazo miaka ile zilikuwa zikiviziana malishoni na visimani. Jibu lililotolewa jioni lingeweza kupimwa kesho yake asubuhi, habari za mauaji zikifika mjini. Hata hivyo wapo walioitikia, na wengi wa mwanzo walikuwa wanawake.

Mwenye kulisimulia swali hilo duniani, hadi akaitwa Stockholm mwaka 2007 kupokea Tuzo ya Right Livelihood, ile wanayoiita Nobel mbadala, alikuwa mmoja wao: Dekha Ibrahim Abdi, binti wa Wajir aliyezaliwa 1964.

Ni swali linalostahili kuletwa Mugutha. Kutoka huku Ruiru hadi Wajir ni safari ya takriban kilomita 600, na barabara ni hii hii: mabasi ya Garissa hupita kila siku kwenye Barabara Kuu ya Thika, kisha pale Thika yanashika njia ya mashariki. Mugutha yenyewe ni sehemu ya ukanda ambao kahawa iling'olewa na ploti zikapimwa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru, na asilimia kubwa ni wageni waliokuja kutafuta riziki. Katika jengo moja la kupanga utamkuta Mkikuyu mlango wa kwanza, Mluhya wa pili, Mkamba wa tatu, Mjaluo ghorofani, na duka la chini ni la Msomali. Wanaazimana viberiti na chaja. Wakati wa uchaguzi husalimiana kwa tahadhari.

Nani kati yao ameulizwa swali la Wajir?

Dekha hakuanza kwa nadharia. Alivyosimulia mwenyewe, usiku mmoja katikati ya 1993 risasi zililia karibu na nyumba yake. Alimnyakua mtoto wake wa kwanza akaingia naye chini ya kitanda, wakajibanza humo saa kadhaa huku risasi zikipishana nje. Kulipokucha, mama yake mzazi akaanza kukumbuka. Naye, Dekha alipokuwa mtoto, alimficha vivyo hivyo chini ya kitanda, akimkinga na risasi za zama zake. Dekha alihuzunika. Alihesabu vizazi vitatu vya familia moja vilivyolelewa na mlio wa bunduki, na akaona kwamba asipofanya kitu, mtoto aliyelala pale sakafuni naye angekuja kuwa mama wa chini ya kitanda.

Historia ya kaskazini mashariki inajulikana, hata kama inasemwa kwa sauti ya chini. Vita vya Shifta vya miaka ya sitini. Sheria ya hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. Mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984. Kisha mwaka 1991 utawala wa Siad Barre ukaanguka ng'ambo ya mpaka, bunduki zikafurika pamoja na wakimbizi, ukame ukafyeka mifugo, na uchaguzi wa 1992 ukawaacha Waajuran na Wadegodia wakigombania kiti cha ubunge kama walivyogombania maji. Watu wakaanza kuuawa, na wilaya nzima ikawa uwanja wa vita ndani ya nchi iliyojiita kisiwa cha amani.

Kilichowakutanisha wanawake kilikuwa arusi. Wageni wa koo mbalimbali walikuwa wamealikwa, na katika kuketi na kula wakaanza kuulizana hali hii itaendelea hadi lini. Walikuwa wachache, hawakufika hata kumi na wawili. Baada ya arusi waliendelea kukutana, na walipotafuta pa kuanzia hawakwenda kwa wazee, wala kwa mkuu wa wilaya, wala kwa wapiganaji. Walikwenda sokoni.

Hapa ndipo akili ya akina mama hawa inapong'aa. Soko la Wajir lilikuwa limekatika vipande. Mama wa ukoo huu hakununua kwa mama wa ukoo ule. Mwenye maziwa hakuthubutu kuyapeleka upande usio wake. Ugomvi wa bei uligeuka mara moja kuwa ugomvi wa damu, na ugomvi wa damu ulirudi nyumbani kwa wanaume wenye silaha. Mapigano yaliyokuwa porini, mbali na mji, yalikuwa na pumzi yake pale penye vibanda. Lakini soko lilikuwa pia mahali pekee ambapo mwanamke alikuwa na kauli bila kuomba ruhusa ya mzee yeyote. Yeye ndiye muuzaji, yeye ndiye mnunuzi, na chungu cha yule mwenye bunduki kilitegemea kapu lake.

Kwa hiyo waliketi na wauzaji, kundi kwa kundi. Hawakuhubiri upendo. Walitaka kitu kinachoweza kuonekana kwa macho: kila mwanamke, wa ukoo wowote, aweze kuingia, kuuza na kununua bila kubughudhiwa. Walipokubaliana, waliteua kamati ya wanawake wa koo zote ya kukaa macho. Tusi likitupwa, bidhaa ikikataliwa kwa sababu ya ukoo, mtu akisukumwa, kamati ilipata habari na kulishughulikia jambo hilo siku hiyo hiyo, kabla halijavaa nguo nyingine. Kwa kiasi kikubwa soko lilitulia, na mji ukaona kwamba kumbe yapo yanayowezekana.

Ndipo zamu ya wanaume ikaja, na haikuwa rahisi. Wazee wa koo kubwa wasingekubali kuitwa na wanawake, tena vijana. Wanawake hawakugombana nao kuhusu hilo. Waliwatafuta wazee wa koo ndogo, zisizohesabiwa katika ugomvi wa wakubwa, na hao ndio walioita kikao. Mzee wa ukoo mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa nafasi ya kuwauliza wakubwa kwa nini wanauana. Asiye na jeshi ndiye asiyeogopwa, na kwa hiyo ndiye anayesikilizwa. Vikao hivyo ndivyo vilivyozaa Azimio la Al Fatah, Septemba 1993, lililoweka kanuni za kurudisha mifugo iliyoporwa na kulipa fidia ya damu.

Azimio lilihitaji miguu. Vijana walishirikishwa, kwa sababu ndio waliobeba bunduki. Kikaundwa kikosi cha kukimbilia panapofuka moshi: wazee, wanawake, viongozi wa dini na maafisa wa usalama katika gari moja. Palipotokea wizi wa mifugo au mauaji, walifika kabla ya kisasi. Mwaka 1995 juhudi hizi zote ziliunganishwa na serikali kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti. Kamati za amani za wilaya zilizokuja kuenea Kenya nzima zimeiga mfano huo. Machifu, askari na maafisa wa kaunti wanaoketi kwenye kamati hizo leo wanafanya kazi iliyochorwa na akina mama wa sokoni, na wengi wao hawajui.

Katika masimulizi yake Dekha alikuwa akirudi kwenye jambo moja, kwamba mtu wa amani huanza kwa kukemea upande wake. Mwajuran amkabili Mwajuran mwenzake, Mdegodia amkabili Mdegodia. Kumlaani adui hakuhitaji ujasiri. Kwa Dekha, aliyekuwa Mwislamu wa dhati, jambo hili lilikuwa na mizizi katika Kurani, Sura ya An-Nisaa, pale muumini anapotakiwa kusimamia haki hata kama ni dhidi ya nafsi yake na jamaa zake. Alifundisha hivyo Afrika, Asia na Ulaya, na aliandika pamoja na wenzake kitabu cha mafunzo, Working with Conflict, kilichotoka mwaka 2000.

Mtihani mkubwa ulimkuta nyumbani. Desemba 30, 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa urais na nchi ikawaka. Dekha alikuwa mmoja wa watu watano waliokutana haraka Nairobi, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na George Wachira, wakaanzisha Concerned Citizens for Peace. Kila asubuhi walifungua kikao Hoteli ya Serena kwa yeyote mwenye habari au wazo. Wananchi walituma ujumbe mfupi wa simu kueleza wapi panafukuta, na habari hizo zikafikishwa kwa walioweza kuwahi. Lilikuwa soko la Wajir lililopanuliwa likawa nchi: kaa macho, pata habari mapema, fika kabla ya kisasi.

Kiambu yetu haikuwa mtazamaji. Januari ile, watu wenye asili ya magharibi mwa Kenya waliofukuzwa katika mashamba na vyumba vya kupanga upande wa Limuru walijazana kwenye kituo cha polisi cha Tigoni. Majirani waliowafukuza walikuwa wakiwajua kwa majina. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilikuja kuhesabu watu 1,133 waliouawa nchini kabla ya mapatano ya Februari 28, 2008.

Baada ya sifa hizi zote, yapo yanayokataa kulala.

La kwanza ni Balozi Kiplagat. Februari 8, 1984, siku mbili kabla ya operesheni ya Wagalla, ujumbe wa kamati ya ujasusi ya kitaifa ulifika Wajir, naye, akiwa katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje, alikuwamo. Wanaume Wadegodia walikusanywa katika uwanja ule wa ndege, wakaanikwa juani bila maji, wengi wakapigwa risasi. Mwanzoni serikali ilikiri vifo 57 tu. Manusura wanahesabu mamia, wengine maelfu. Kiplagat alikana hadi mwisho kwamba operesheni hiyo ilijadiliwa mbele yake. Alipoteuliwa 2009 kuongoza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, jambo hilo lilikaribia kuivunja tume. Naye ndiye aliyeketi Serena bega kwa bega na binti wa Wajir. Je, katika asubuhi zile Wagalla ilitajwa? Swali la 1993 lilihusu koo. Dola nayo, ikiwa ndiyo iliyoua ndugu zako, inaitikiwa vipi?

La pili ni bei ya damu. Azimio la Modogashe la 2001, lililofuata nyayo za Al Fatah katika wilaya za kaskazini, liliweka fidia ya ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Wanawake ndio walioianzisha kazi hii, na mizani ya kazi yao ikawapima nusu. Tena muuaji ambaye ukoo umemlipia huenda asione mahakama hata siku moja. Watetezi wa utaratibu huu husema kisasi kilisimama, na ni kweli, kilisimama. Mjane hupokea hesabu iliyokubaliwa na wazee. Haki yake mwenyewe, kama raia wa Kenya mwenye Katiba ya 2010 mkononi, iko wapi hapo? Dekha alikuwa mtu wa kukubali kwamba amani ya kwanza huwa na kasoro na hufanyiwa kazi upya. Hilo ni jibu la mtu mwaminifu, lakini haliondoi ugumu.

Julai 7, 2011 Dekha alikuwa njiani kuelekea Garissa, kwenye mkutano wa amani, gari lao lilipopata ajali. Mumewe na dereva walifariki. Yeye alifariki Nairobi siku saba baadaye, Julai 14, akiwa bado hajatimiza miaka hamsini. Aliacha watoto, na aliacha watu katika nchi nyingi waliojifunza kwake namna ya kuketi na mtu unayemwogopa.

Mugutha haina vita, na Mungu aendelee kuiepusha. Lakini ina soko, ina stendi ya bodaboda, ina vikundi vya chama vinavyokutana kila mwezi, na kila kimoja kina mtu ambaye wengine humsikia. Yule mama anayeuzia mboga makabila yote ndiye anayejua wa kwanza nani ameanza kutumiwa matusi kwenye simu, mpangaji gani ameambiwa ahame, kijana gani amepewa pesa za kufanya fujo. Kamati za usalama hupenda kujazwa wazee, machifu na wenye nyumba. Wapangaji, ambao ndio wengi na ndio hufukuzwa, mara nyingi hawaitwi, na mama mboga huitwa kupika chai.

Uchaguzi Mkuu ujao ni Agosti 2027. Mkazi wa Mugutha, Theta, Gatong'ora au Witeithie anayesoma makala hii aende kwa chifu wake na aulize waziwazi: kamati yetu ya amani ni ya akina nani, wanawake wangapi wa sokoni wamo, wapangaji wangapi wamo, na ilikutana mara ya mwisho lini? Akikosa jibu, aanze na wenzake wa soko, wakiwa hata saba au wanane. Wajir walianza wakiwa pungufu ya kumi na wawili.