Likasi: Tiketi inaonyesha saa moja na robo, safari ya Shituru hadi Kinshasa inakula zaidi ya masaa saba

Mkaaji wa Shituru anayekwenda Kinshasa kwa ndege huanza safari kwa kuipa Kinshasa mgongo. Anatoka katika komini hiyo ya viwanda vya shaba, anafuata barabara ya taifa RN1 kwa kilomita karibu 120 kuelekea kusini-mashariki, hadi uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi. Kisha ndege inamrudisha kaskazini-magharibi. Kwenye ramani, mstari ulionyooka kutoka Luano hadi N'djili unapita karibu sana na Likasi.

Mstari huo una kilomita 1.550 hivi. Ndege ya jeti huumaliza kwa masaa mawili na robo, kuondoka na kutua ndani yake. Lakini tiketi haisemi hivyo. Ndege inayoondoka Luano saa 10h00 imeandikwa kufika N'djili saa 11h15. Ile ya kurudi, ikiondoka Kinshasa saa 10h00, inafika Luano saa 13h15. Umbali ni uleule, ila Haut-Katanga iko saa moja mbele ya Kinshasa, na tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo.

Anayeumia ni yule aliyekuja Likasi kwa msiba au harusi, saa yake ya mkononi ikabaki ya Kinshasa. Siku ya kurudi atafika Luano akidhani amewahi, kumbe kaunta imefungwa.

Kwa mtu wa Shituru, kazi kubwa iko barabarani. Kampuni za ndege huomba msafiri afike masaa mawili mapema. Kwa ndege ya saa 10h00, basi, awe Luano saa 8h00. Kutoka Likasi ni masaa mawili barabara ikiwa wazi, na RN1 ina peaji na malori ya madini. Tena Luano uko kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi, upande ambao gari la Likasi haliingilii. Mwenye busara anaondoka saa 5h00. Akitua N'djili, kwao Shituru ni saa 12h15: masaa saba na robo, na ya angani ni mawili na robo tu.

Hata angani, ndege haifuati mstari wa ramani kila mara. Septemba 1961, Likasi ikiitwa bado Jadotville, wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa humo, na ndege ya kivita ya Katanga, Fouga Magister, ikiwashambulia. Tarehe 17, Dag Hammarskjöld aliondoka N'djili kwenda Ndola. Kwa kuiogopa Fouga hiyo, rubani alizunguka mbali upande wa mashariki. Baada ya masaa zaidi ya sita, ndege ilianguka karibu na Ndola.

Njia ya nchi kavu ipo: treni hadi Ilebo, halafu mashua kwenye mto Kasai. Hiyo haihesabiwi kwa masaa.

Ugumu mwingine ni ndege ya jioni. Ikitua Luano saa 19h00, bado kilomita 120 gizani, kati ya malori. Wengi hulala Lubumbashi, na bei ya usiku huo haimo ndani ya tiketi.