Texas, Jimbo Linalolipa Watu Wasijenge

Texas ni jimbo la pili kwa ukubwa nchini Marekani, baada ya Alaska. Lina kilomita za mraba zipatazo 695,000, karibu robo tatu ya Tanzania, na sensa ya 2020 ilihesabu humo watu milioni 29.1. Wanaishi kwa mafuta, gesi, ng'ombe, pamba na kompyuta. Dallas na Fort Worth zimeshikana na kuwa mji mmoja wenye watu zaidi ya milioni 8. Houston, mwendo wa kilomita 385 kusini, ina zaidi ya milioni 7 pamoja na vitongoji vyake. Makumbusho yapo, viwanja vya mpira vipo, na joto la kiangazi ni la kuogofya.

Takwimu zitoshe hapo, maana jambo linalomshangaza mgeni kutoka Afrika Mashariki liko kwenye hati za mashamba. Karibu asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi. Mwenye shamba ndiye mfalme. Serikali ya jimbo ikitaka malisho yabaki malisho, shurti ifungue mkoba.

Na mkoba wenyewe hufunguliwa kwa namna ya ajabu. Mwaka 2005 Bunge la Texas liliunda mpango wa kuhifadhi mashamba na malisho, ambao tangu 2016 uko chini ya Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya jimbo. Katika mpango huo shamba lenyewe halinunuliwi. Kinacholipiwa ni haki moja tu, ile ya kulikata viwanja na kulijaza majumba. Mthamini hupiga hesabu mbili: shamba lingeuzwa bei gani likiwa huru, na litauzwa bei gani likishafungwa. Tofauti ndiyo thamani ya haki hiyo, na fedha za jimbo mara nyingi huungana na za serikali kuu ya Washington kuilipia. Mwenye shamba anabaki kwake, analima, anachunga, anauza akitaka. Lakini mnunuzi analichukua pamoja na kifungo chake, na wajukuu hivyo hivyo, milele. Shirika la hiari hushika hati na kwenda kulikagua shamba.

Fedha za kuanzia chini ya Idara hiyo zilikuwa dola milioni 2 kwa miaka miwili. Kwa jimbo tajiri namna ile, ni ubahili mtupu.

Ubahili huo una historia, na anayetaka kuiona aifuate barabara kuu itokayo Dallas kwenda Houston hadi Fairfield. Hapo palikuwa na hifadhi ya jimbo kando ya ziwa, ekari 1,820, iliyofunguliwa mwaka 1976. Watu walipiga kambi, wakavua samaki, wakaleta watoto, kisha watoto wakaleta wa kwao. Ardhi, kumbe, haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya kampuni ya umeme, iliyoikodisha bila malipo. Kituo cha umeme kilipofungwa mwaka 2018, kampuni ikaamua kuuza. Mwaka 2023 eneo lote pamoja na ziwa, ekari zipatazo 5,000, likanunuliwa na kampuni ya ujenzi ya Dallas, Todd Interests, iliyokusudia makazi ya kifahari na uwanja wa gofu. Geti la hifadhi likafungwa Juni. Serikali ikazinduka, ikajaribu kuitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria. Jopo la uthamini likaitaka ilipe dola milioni 418.3. Kampuni ilikuwa imenunua kwa takriban milioni 110. Serikali ikarudi nyuma.

Aibu hiyo ilizaa kitu. Novemba 2023 wapiga kura wa Texas, takriban asilimia 76, walikubali kuanzishwa kwa mfuko wa dola bilioni 1 wa kununulia ardhi ya hifadhi mpya. Miaka minne kabla yake walikuwa wameandika katika katiba ya jimbo kwamba kodi ya mauzo ya vifaa vya michezo iende kwenye hifadhi na maeneo ya kihistoria. Na hawa ni watu wanaochukia kodi kama ukoma.

Houston ilijifunza kwa maji. Mabwawa ya Addicks na Barker yalijengwa miaka ya 1940 kuukinga mji na mafuriko, lakini serikali kuu haikununua ardhi yote ambayo maji yangeweza kuifunika yakijaa. Iliyobaki ikajengwa. Kimbunga Harvey kilipokuja Agosti 2017, maji yalipanda hadi sebuleni, na mwaka 2019 mahakama ikaamua kwamba serikali inawajibika kwa nyumba zile zilizo nyuma ya mabwawa. Magharibi ya mji, kwenye mbuga za Katy, shirika la hiari lililoanzishwa mwaka 1992 linaendelea kununua na kufunga ardhi, kwa kuwa nyasi za asili za pale zina mizizi mirefu inayosaidia maji kuzama ardhini.

Sisi Watanzania tunasema ardhi ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Basi ilitakiwa iwe rahisi kwetu kuliko kwao! Badala yake, maeneo ya wazi ya Dar es Salaam yanageuka gereji na baa mchana kweupe, na bonde la Msimbazi, lenye kufurika, limehitaji mkopo wa Benki ya Dunia ili watu wahamishwe kwa fidia. Si kwamba hatujui njia. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inaruhusu vifungo vya aina hii, na mwaka 2000 wafugaji wa Kitengela walianza kulipwa kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe ua, wanyama wa Hifadhi ya Nairobi wapite. Simanjiro, kijiji cha Terrat kililipwa na kampuni za utalii uwanda wake usilimwe. Ila malipo hayo yalikuwa ya mwaka hadi mwaka. Mfadhili akichoka, jembe linaingia.

Halmashauri zetu zipime mabonde na malisho yaliyobaki sasa, ziyafunge kwa hati ya kudumu, na bajeti ijayo iwe na fungu la kuwalipa wenyewe.