Kolwezi: mtoto akitoka mu karieri, nani anamushika mukono?

Asubuhi, ku Kanina, unaona batoto wa namna mbili. Wamoja wanabeba kaye, wanaenda ku masomo. Wengine wanabeba mifuko, wanaenda kuokota mawe. Umri wao ni moja, akili yao ni moja. Kinachowatenganisha mara mingi ni franga, na mtu mkubwa wa kuwafuata.

Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kama batoto karibu 40 000 wanatumika mu migodi ya kusini ya inchi yetu. Mu mwezi wa kwanza 2016, Amnesty International ilionyesha kama wengine wanaokota, wanaosha na kubeba mawe mpaka saa 12 kwa siku, juu ya franga 1 000 ao 2 000. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi za hatari kama hizo. Lakini sheria haipike bukari.

Mwaka 2012, masista wa Bon Pasteur walianza kazi yao Kolwezi, pamoja na Sista Catherine Mutindi, mzaliwa wa Kenya. Batoto waliopoteza miaka ya masomo wanafundishwa tena, mpaka waweze kuingia mu masomo ya kawaida. Wasichana na wamama wanajifunza ufundi kama kushona. Wazazi wanasaidiwa kulima, na wanafundishwa haki zao. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Opus kule Marekani, dola milioni moja.

Mbona kuchanganya mashamba na masomo? Sababu mtoto wa karieri analeta chakula nyumbani. Ukimutoa peke yake bila kusaidia mama yake, kesho atarudia ku shimo. Tena anahitaji mtu atakayeuliza siku asipoonekana mu klasi: «Uko wapi? Nini imekupata?»

Lakini msaada wa mbali una mwisho. Masomo ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019, ni kweli. Kaye, viatu na masomo ya sekondari, vyote vinangojea mfuko wa mzazi.

Basi na sisi tuko na kazi. Mnunuzi akatae mfuko wa mawe ulioletwa na mtoto. Mkubwa wa ekipe asiteremushe kijana mu shimo. Kodi ya Migodi ya 2018 inaomba kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya wanaokaa karibu. Wakati wajumbe wa mtaa wanapanga matumizi ya feza hiyo, tuombe atelye za ufundi juu ya vijana wetu: soudure, umeme, mekanike.

Na wewe baba unayechimba, unajua shimo kuliko mtu yeyote. Chagua kijana moja wa jirani. Muulize kila juma masomo yake inaenda namna gani. Hiyo haiombe dola milioni.