Mwendesha baiskeli akiinama, mwili hulipa nini?

Msomaji, bila shaka umewahi kuendesha baiskeli huku upepo ukikujia usoni. Bila kufundishwa na mtu, uliinamisha kichwa, ukavuta viwiko karibu na mbavu, na papo hapo ukahisi pedali zimekuwa nyepesi kidogo. Kitendo hicho kidogo ndicho ambacho mabingwa wa mbio za baiskeli za uwanjani, pamoja na wahandisi wao, wamekichunguza kwa miaka mingi na kwa gharama kubwa.

Leo ningependa tuutazame mkao huo kwa jicho la daktari. Ukiamka mapema Jumamosi hapa Nairobi utawaona vijana kwa wazee wakiwa juu ya baiskeli za mashindano, wamejikunja kama wale mabingwa wa kwenye televisheni. Mazoezi ni jambo jema na sikusudii kumvunja mtu moyo. Lakini mkao wa bingwa una bei yake, na anayeilipa ni mwendeshaji mwenyewe: shingo yake, mgongo wake, pumzi yake, mishipa yake ya damu na hata sehemu zake za siri.

Hewa ni mzigo

Mbio za uwanjani hufanyika katika velodromu, yaani uwanja wenye umbo la yai ambao kingo zake zimeinuliwa kwenye kona. Aghalabu sakafu yake ni ya mbao na juu una paa. Baiskeli zinazotumiwa humo hazina breki wala gia za kubadilisha. Hakuna mlima wala mashimo. Adui mkubwa aliyebaki ni hewa.

Mtu anayekwenda kasi ya kilomita 50 kwa saa hutumia takriban asilimia 90 ya nguvu zake kusukuma hewa tu. Kibaya zaidi ni kwamba hewa haiongezi ukaidi wake polepole. Ukizidisha kasi maradufu, upinzani wa hewa huwa mara nne, na nguvu unazohitaji huwa mara nane. Ukitaka kutoka kilomita 50 hadi 55 kwa saa, yaani nyongeza ya asilimia 10 pekee, itakubidi utoe nguvu zaidi kwa karibu asilimia 33. Hakuna moyo wala mapafu yanayoweza kuongezwa kiasi hicho kwa mazoezi ya msimu mmoja.

Je, ni nini hasa kinachozuia hewa? Si baiskeli. Karibu robo tatu ya upinzani wote hutokana na mwili wa mwendeshaji. Kwa hiyo kuukunja mwili kuna faida kubwa kuliko kununua magurudumu ya bei ghali.

Wakenya tumelishuhudia jambo hili kwa macho yetu. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji wenzake walipangwa mbele na nyuma yake kwa utaratibu maalumu ili kumkinga na upepo. Ikiwa mkimbiaji wa kilomita 21 kwa saa hufaidika, fikiria mwendesha baiskeli anayekwenda kasi zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Ndani ya handaki la upepo

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mkao wa bingwa haukuokotwa njiani. Hutafutwa katika handaki la upepo, ambalo ni chumba kirefu chenye feni kubwa mno. Mahandaki ya namna hii yalianza kutumiwa kupima ndege, kisha magari, na baadaye wanamichezo wakaanza kuingizwa humo.

Mwendeshaji hupanda baiskeli yake, nayo hufungwa juu ya mizani nyeti sana. Feni ikiwashwa, upepo humjia kwa kasi ile ambayo angekwenda uwanjani, naye hupiga pedali akiwa palepale. Mizani husoma ni kwa nguvu kiasi gani hewa inamsukuma nyuma. Akiteremsha kichwa sentimita chache, namba hubadilika. Akibana mabega kuelekea masikioni, namba hubadilika tena. Hujaribiwa kofia hii na ile, viwiko vikiwa mbali au karibu, hata mishono ya nguo. Wakati mwingine hupulizwa moshi mwembamba ili wahandisi waone hewa inapita wapi na inavurugika wapi mgongoni.

Mwingereza Chris Boardman ni mmoja wa waliofaidika na elimu hii. Katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, akiwa juu ya baiskeli iliyotengenezwa na kampuni ya magari ya Lotus, alishinda dhahabu ya mbio za kufukuzana za mita 4,000. Katika fainali alimfikia mpinzani wake kabla mbio hazijamalizika.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mizani ile haiyapimi. Haipimi ganzi wala maumivu ya shingo. Tena jaribio moja huchukua dakika chache tu, ilhali mashindano mengine huchukua saa nzima na maisha ya mwanamichezo huchukua miaka.

Kilomita saba za hewa

Rekodi inayoonyesha vyema nguvu ya mkao ni ile ya saa moja, ambapo mtu mmoja huzunguka velodromu peke yake kwa dakika 60 na umbali wake ukapimwa. Mwaka 1972, mjini Mexico City, Mbelgiji Eddy Merckx alipata kilomita 49.431 kwa baiskeli ya kawaida. Mwaka 1984, katika mji huohuo, Mwitaliano Francesco Moser alifika kilomita 51.151 akitumia magurudumu yaliyozibwa kama sahani.

Kisha akaja Graeme Obree kutoka Scotland. Hakuwa na handaki la upepo wala kampuni kubwa nyuma yake. Alijiundia baiskeli mwenyewe, na baadhi ya vyuma vyake alivitoa katika mashine ya kufulia nguo. Alikunja mikono chini ya kifua, viwiko vikabana mbavuni, kama mtu anayeteleza juu ya theluji. Mwezi wa Julai 1993 huko Hamar, Norway, alijaribu rekodi akashindwa. Usiku ule alikunywa maji mengi makusudi, ili haja ndogo imwamshe mara kwa mara apate kunyoosha misuli. Kesho yake, tarehe 17, akapata kilomita 51.596. Siku sita baadaye Boardman akamzidi kwa kilomita 52.270.

Mkao wa Obree ulipigwa marufuku mwaka 1994 na Shirikisho la Kimataifa la Waendesha Baiskeli, UCI. Hakukata tamaa. Akabuni mwingine, mikono imenyooshwa mbele kabisa kama Superman wa sinema, na kwa mkao huo akatwaa ubingwa wa dunia huko Bogotá mwaka 1995.

Boardman naye akauchukua mkao huo. Tarehe 6 Septemba 1996, katika velodromu ya Manchester, alipata kilomita 56.375 kwa saa moja. Nao ukapigwa marufuku. Baadaye UCI iliamua kwamba anayetaka rekodi ya saa lazima atumie baiskeli ya aina ya Merckx. Tarehe 27 Oktoba 2000 Boardman akarudi palepale Manchester, akiwa na usukani wa kawaida uliopinda na magurudumu ya spoki. Safari hii alipata kilomita 49.441, mita 10 tu zaidi ya Merckx.

Mtu yuleyule, uwanja uleule, tofauti ya karibu kilomita 7. Ni kweli kwamba umri wake ulikuwa umesonga kwa miaka minne, lakini sehemu kubwa ya kilomita hizo ilikuwa ni hewa. Mwaka 2014 kanuni zilibadilishwa tena na baiskeli za kisasa zikaruhusiwa. Tarehe 8 Oktoba 2022, mjini Grenchen, Uswisi, Mwitaliano Filippo Ganna alifika kilomita 56.792. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Dan Bigham, ambaye mwenyewe ni mhandisi wa mambo ya hewa.

Bei inayolipwa na mwili

Hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Tuone sasa mkao huo unafanya nini mwilini.

Kwanza ni pumzi. Ukiinama sana, kila paja linapopanda hukaribia tumbo. Tumbo nalo husukuma kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Nafasi ya mapafu kujaa hupungua, na misuli ya makalio haifanyi kazi yake vizuri. Ndiyo maana watu wengi hutoa nguvu kidogo wakiwa wamejikunja kuliko wakiwa wima. Kwa hiyo mkao unaoshinda ndani ya handaki waweza kushindwa uwanjani. Mabingwa hufanya mazoezi katika mkao wao kwa miezi ili mwili uuzoee.

Pili ni shingo na mikono. Mgongo ukilala, shingo lazima ipinde nyuma ili macho yaone mbele. Misuli huchoka, na maumivu huweza kushuka hadi mabegani. Ukiegemea viganja kwa muda mrefu, mshipa wa fahamu unaopita kiganjani hubanwa, nacho kidole cha pete na kile cha mwisho hufa ganzi.

Tatu ni jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Ukikaa wima, uzito wako hubebwa na mifupa miwili ya makalio. Ukiinama, uzito husogea mbele hadi kwenye msamba, yaani sehemu iliyo kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Hapo hupita mishipa ya fahamu na ya damu, nayo hubanwa na kiti. Matokeo yake ni ganzi, na kwa baadhi ya wanaume, upungufu wa nguvu za kiume ambao aghalabu hutoweka wakipumzika. Wanawake hupata uvimbe, michubuko na vidonda. Waingereza walipowasikiliza wanariadha wao wa kike, walipeleka hoja UCI, na mwaka 2016 ikakubaliwa kiti kiinamishwe mbele hadi nyuzi 9 ili kupunguza shinikizo hilo.

Nne ni mshipa mkubwa wa damu unaopita kwenye nyonga kuelekea mguuni. Nyonga ikikunjwa maelfu kwa maelfu ya mara, ukuta wa mshipa huo kwa baadhi ya waendeshaji hunenepa na njia ikawa nyembamba. Dalili yake ni mguu mmoja kuishiwa nguvu au kuuma mwendeshaji anapojitahidi sana, kisha hali hurejea sawa dakika chache baada ya kupumzika. Wengi hudhani ni uchovu. Mfaransa Pauline Ferrand-Prévot alifanyiwa upasuaji wa tatizo hili mwaka 2019. Alipona, akashinda dhahabu ya baiskeli za milimani katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na mwaka uliofuata akashinda Tour de France ya wanawake.

Nitaongeza la tano, ingawa halitokani na kuinama. Baiskeli haiitikisi mifupa kama kukimbia kunavyofanya, hivyo mifupa ya waendeshaji wa kulipwa huweza kudhoofika. Boardman mwenyewe aligunduliwa kuwa na tatizo hilo kabla ya kustaafu mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 32.

Na wewe je?

Wewe huendi kilomita 55 kwa saa. Faida utakayopata kwa kujikunja ni ndogo, lakini gharama ni ileile. Ile baiskeli ya kizamani aina ya Black Mamba, inayomkalisha mtu wima, ina kheri kwa msamba wako kuliko baiskeli ya mashindano isiyokutosha. Basi zingatia haya:

Rekebisha kimo cha kiti. Ukiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Usiinue ncha ya kiti juu. Kiwe sawa, au kiinamie mbele kidogo. Kiti chenye mfereji katikati huwafaa wengi.

Inua usukani mpaka uweze kupumua na kutazama mbele bila shingo kuuma. Ukitaka kuushusha, ushushe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

Kila baada ya dakika 10 hivi simama juu ya pedali kwa muda mfupi, na ubadilishe mahali pa kushika. Fanya hivyohivyo kwenye baiskeli ya mazoezi ya ndani.

Usiige michezo ya hatari. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, aliteremka mlima katika Tour de France ya 2016 akiwa ameketi juu ya bomba la fremu. Mkao huo UCI iliupiga marufuku mwaka 2021.

Changanya baiskeli na kutembea kwa kasi, kukimbia au kubeba uzito ili mifupa ipate kazi.

Mwisho, ganzi si dalili ya ushujaa. Ikikushika ukiwa njiani, shuka upumzike, kisha urekebishe kiti. Ikiwa inaendelea hadi kesho yake, au nguvu za kiume zimepungua, au unapata shida kukojoa, au mguu mmoja huishiwa nguvu kila unapopanda mlima, muone daktari na umweleze wazi kwamba unaendesha baiskeli. Usipomwambia, huenda asiulize.