TAHADHARI KWA WAZAZI KUHUSU MTURITURI

Wazazi na walezi wanakumbushwa kuwa mturituri, mmea utambaao ambao wengine huuita mtipitipi, una mbegu zenye sumu kali. Mmea huo huota wenyewe vichakani, Unguja na Pemba na sehemu nyingi za Tanzania Bara. Aghalabu huachwa upande juu ya ua wa nyumba na miti ya bustani kwa ajili ya uzuri wa mbegu zake. Uzuri huo ndio hatari yenyewe, kwani humvutia mtoto mdogo.

Mturituri hutambulikana kwa urahisi. Shina lake ni jembamba, vijani vyake hupangika jozi jozi, na maua yake ni ya zambarau hafifu au waridi. Maganda yakikauka hupasuka na kujikunja, zikaonekana mbegu nyekundu zing'aazo, kila moja ikiwa na doa jeusi upande mmoja.

Tangu kale mbegu hizo zimetungwa mikufu na tasbihi. Hata jina lake la kitaalamu, Abrus precatorius, linahusiana na kusali. Huko India masonara walizitumia kupimia dhahabu.

Sumu iliyomo huitwa abrini. Huzuia chembe hai za mwili kutengeneza protini, na chembe hizo hufa. Mbegu iliyoiva ina ganda gumu. Ikimezwa nzima mara nyingi hutoka bila madhara. Lakini ikitafunwa, ikisagwa au ikitobolewa, sumu hupata njia. Kwa hiyo mbegu iliyotobolewa kwa ajili ya ushanga ni ya hatari zaidi, na mtobozi anayejichoma sindano naye yumo hatarini. Mwaka 2011, nchini Uingereza, wanunuzi walitakiwa kurudisha vikuku vilivyotungwa kwa mbegu hizi.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba dalili hazitokei papo hapo. Mtoto aweza kuendelea kucheza kwa saa kadhaa, hata siku moja au zaidi, ndipo aanze kutapika, kuumwa na tumbo na kuharisha, pengine damu. Mwili hukaukiwa maji. Ini na figo huweza kudhurika, na mauti yakafuata. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii. Tabibu huusaidia mwili kwa maji na matunzo, na msaada huo hufaa zaidi ukiwahi.

Kwa hiyo mtoto akidhaniwa ametafuna turituri, dalili zisingojewe. Asitapishwe kwa maji ya chumvi wala kwa kidole. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na mbegu zilizobaki, ili tabibu azitambue. Agizo ni hilo hilo kwa mzazi wa Makunduchi na kwa mzazi wa Kabanga, wilayani Kasulu.

Wenye mmea huu uani wanashauriwa kuung'oa pamoja na mizizi, wakiwa wamevaa glavu, kabla maganda hayajapasuka. Mbegu zilizoanguka ziokotwe zote na kufukiwa mbali na watoto, chini sana. Mikufu ya turituri isiachwe mikononi mwa watoto. Mtoto atakaye kucheza bao apewe komwe, kama walivyopewa wazee wake.