Juu ya Maumivu ya Viungo Wakati Hedhi Ikomapo

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo linenwalo kwa kunong'ona, au lisilonenwa kabisa, nalo ni maumivu ya viungo yampatayo mwanamke wakati hedhi yake ikomapo. Tumeona yafaa liandikwe wazi, mume na mke walisome pamoja, na walimu walisome mbele ya mikutano ya akina mama. Maana ziko nyumba zilizopoteza amani, na akina mama waliopoteza afya, kwa kutojua tu.

Katika pwani yetu msichana akivunja ungo hukusanyiwa makungwi, akafundishwa mambo ya mwili wake. Lakini hedhi ile iliyopokewa kwa mafundisho na ngoma, siku ya kukoma kwake haina kungwi. Mama huamka alfajiri vidole vimekakamaa, magoti yauma, bega halikubali kuinuka, wala hakuna aliyemwambia kwamba hayo yaweza kuja. Ndipo sababu zitafutwapo. Huyu asema amerogwa. Yule asema ni adhabu ya dhambi ya siri. Na mume, akiona mpunga haujapaliliwa, asema mkewe amekuwa mvivu. Katika hayo matatu hakuna lililo kweli.

Kweli ni hii. Kwa wanawake walio wengi hedhi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55, nao matabibu huhesabu kwamba imekoma ikiwa miezi 12 imepita pasipo kuonekana damu. Katika miaka ya mabadiliko hayo mwili hupunguza sana homoni iitwayo estrojeni. Homoni hii haikuwa na kazi ya uzazi peke yake. Ilisaidia pia kulinda mifupa, misuli, kano, na gegedu lifunikalo ncha za mifupa penye maungio. Ipunguapo, misuli hulegea, mifupa hupoteza nguvu, na viungo huuma upesi. Mwaka 2024 tabibu wa mifupa wa Marekani, Vonda Wright, pamoja na wenzake, waliandika kwamba katika kila wanawake 100, zaidi ya 70 hupatwa na taabu za mifupa, misuli na viungo wakati huo, na kama 25 huzuiwa nazo wasiweze kazi zao. Basi mama mwenye maumivu haya si mtu wa ajabu. Wala si jambo la aibu. Katika Mwanzo, mlango wa 18, imesimuliwa bila kuficha kwamba Sara alikuwa ameuvuka wakati huo, naye hakuhesabiwa kuwa mtu aliyetupwa.

Yatupasa tena kuitazama kazi ya mama wa Rufiji. Katika delta husimama katika tope la mashamba ya mpunga, ameinama tangu asubuhi. Mazao yakikaribia kuiva, hupanda na kushuka dungu kuwalinda ndege na nguruwe. Huingia mtumbwini na kutoka, hutwanga kinuni, huchota maji. Na apumzikapo hukaa chini, miguu ameinyosha, akisuka mkeka. Kazi hizi alizimudu akiwa na miaka 30. Akiwa na 50 magoti na vidole vyake vyadai zifanywe kwa namna nyingine. Hatusemi aziache zote, twasema azipange.

Kwa maana kosa kubwa ni kulala. Goti lisilotumika hukakamaa, na msuli uliopumzishwa kupita kiasi huzidi kunyong'onyea. Dawa ya kwanza ya maumivu haya ni mwendo wa kiasi na kutia misuli nguvu. Kila siku mama atembee, akianza kidogo na kuongeza, hata afikilie nusu saa. Tena mara mbili au tatu katika juma afanye mazoezi haya, ambayo hayahitaji chombo ila kiti imara. Kwanza, akae kitini, anyoshe mguu mmoja mbele, aushike hivyo akihesabu hata tano, aushushe polepole. Afanye mara kumi kwa kila mguu. Pili, ainuke kitini na kukaa tena pasipo kujisukuma kwa mikono, mara kumi. Na kama hawezi, ajisaidie kwa mikono mpaka atakapopata nguvu. Tatu, ashike mwimo wa mlango, ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka polepole. Uchungu kidogo wakati wa mazoezi si neno. Lakini ukiwa umezidi siku ya pili, apunguze.

Kazini, afadhali ndoo ndogo mbili kwa safari mbili kuliko moja kubwa iliyojaa. Kinu kitwangwe na watu wawili kwa zamu. Jembe litiwe mpini mrefu. Asukaye mkeka ainuke mara kwa mara, ajinyoshe. Na apandaye dungu autangulize mguu ulio mzima. Akishuka autangulize ule uumao.

Kiungo kilichokakamaa hufaidiwa na kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, kwa muda wa dakika 15 au 20. Kuchuliwa kwa mafuta na mkono mpole hakuna madhara. Bali kuchanjwa chale kwa wembe ni hatari, kwa kuwa wembe huleta maradhi ya damu na vidonda.

Kwa habari ya chakula, Mungu ameijalia nchi yetu. Dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, ufuta na mchicha humpa mama chokaa ya mifupa. Samaki, kunde na maharage hujenga misuli. Na kwa mama mnene, kupungua uzito ni nafuu kubwa: wapimaji wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja ipunguayo mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne katika kila hatua.

Sasa twataka kuonya juu ya vidonge. Kuna akina mama wanunuao dukani dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki, wakazimeza kila siku, mwezi baada ya mwezi, kwa siri. Dawa za namna hii zikitumiwa muda mrefu zaweza kutoboa vidonda tumboni, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, na mwenye kuzimeza asijue mpaka atapike damu. Hizo zisitumiwe bila shauri la tabibu. Dawa ya diklofenaki ya kupaka gotini haina hatari nyingi kama ile ya kumeza. Iko pia dawa ya homoni, ambayo huwafaa baadhi ya wanawake, hasa wasumbuliwao na joto la ghafla na jasho la usiku. Lakini haiwafai wote, kama wale waliopata saratani ya matiti au damu kuganda mishipani, nayo hutolewa kwa idhini ya tabibu tu.

Wala si kila maumivu ya viungo yatokana na kukoma hedhi. Kiungo kikivimba, kikawa chekundu na cha moto. Au vidole vikikakamaa kila asubuhi zaidi ya saa moja. Au mama akikonda pasipo sababu, asiseme ni uzee. Vivyo hivyo maumivu yajayo pamoja na homa. Mwaka 1952 homa ilienea katika nchi ya Wamakonde, kusini ya Rufiji, ikiwakunja watu kwa uchungu wa viungo, ikaitwa chikungunya kwa lugha yao. Huletwa na mbu, nayo ni ugonjwa mbali na huu. Tena mama ambaye hedhi yake imekwisha koma, akiona damu tena, hata tone, asingoje, maana yaweza kuwa dalili ya saratani. Mambo haya yote ni ya kwenda zahanati ya karibu, na kutoka hapo hospitali, kama ile ya misheni ya Mchukwi au ile ya Utete. Twajua ya kuwa mtu wa visiwani hungoja maji yajae ndipo chombo kiondoke; kwa sababu hiyo asafiri mapema, asingoje hata abebwe.

Mwisho twasema na waume. Ninyi mliahidi mbele ya kanisa kumpenda mke katika uzima na katika ugonjwa. Mwanamke huyu ameilima mashamba yenu na kuwalea watoto wenu kwa magoti hayo hayo yaumayo leo. Kumwita mvivu ni dhuluma, na kusikiliza wanong'onao habari za uchawi ni kuirudia giza mliyoiacha. Mchukue ndoo. Mpeleke mpunga mashineni. Mkitembea jioni, tembeeni pamoja naye. Na ninyi binti, msingoje mama aombe; mwangalieni anavyoinuka, nanyi mtajua.

Walimu, liko neno moja kwenu. Mama wengi wapatwao na haya hawakujaliwa kusoma. Wasomeeni karatasi hii, kisha mke wa mwalimu awaonyeshe mazoezi yale matatu, nao wayafanye papo hapo, kila mmoja na kiti chake. Mungu na awape akina mama wetu nguvu ya mwili na heshima nyumbani mwao.