Vichezeo vya Mabua na Waya katika Nchi ya Songwe

Apitaye Tunduma, mji wa mpakani utazamanao na Nakonde ya Zambia, huona malori yenye matela yamepangana yakingoja kuvuka. Lakini nyuani mwa nyumba mna malori mengine, madogo, yaliyoundwa na watoto. Twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi yaundwavyo, na jinsi mzazi awezavyo kumrithisha mwanawe kazi hiyo.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa katika Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, ni nchi ya mahindi na kahawa. Mahindi yakiisha kuvunwa, mabua makavu hubaki shambani, na hapo ndipo majira ya vichezeo huanza. Mtoto hulibandua ganda la bua kwa kisu au kwa meno, akapata vitu viwili: moyo mweupe mwororo, ambao hukatwa vipande vya kuundia gari, na ganda lenyewe, ambalo hupasuliwa vijiti vyembamba vya kuunganishia vipande hivyo, mfano wa misumari. Magurudumu hukatwa katika soli ya kandambili kuukuu. Mtoto akikua huacha mabua akakunja waya, akatia usukani juu ya mti mrefu, apate kuliendesha gari lake hali amesimama. Wasichana nao hufanya mwanasesere wa hindi, ndevu za hindi zikawa nywele zake, wakambeba mgongoni kwa kitambaa.

Nasi tulicheza hivyo, na tulipojaliwa watoto tulitaka wavijue vichezeo vyetu. Kwanza tulikosea. Tulimwundia mwanetu lori zuri la waya, tukampa likiwa tayari. Siku ya tatu tulilikuta limetupwa nyuma ya jiko. Mwaka uliofuata tuliketi naye uani, tukampa mabua, tukamwonyesha tu, mikono yetu tukaizuia. Lori lake lilikwenda upande kama kaa, lakini usiku alililaza kando ya kitanda chake.

Tena, katika kazi ile alituuliza jina la kila kitu, nasi tukamtajia kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani: bua, ganda, gunzi. Mengine tulikuwa hatujayatamka tangu utoto wetu. Yeye naye alitufundisha majina ya sehemu za malori ya siku hizi, ambayo sisi hatukuyajua.

Basi, walimu wenzetu, yatupasa kuketi na watoto mapema baada ya mavuno, kabla mabua hayajaliwa na ng'ombe au kuchomwa moto. Maneno yale hayakumbukwi vema pasipo bua mkononi.